Mbwa hafi maji akiona ufuko

Mbwa mwoga si mlinzi, na mara nyingi ndiye anayeuma. Lakini kwa kreti mbili za soda, mpini wa ufagio na subira, anaweza kuwa mbwa mwingine kabisa.

Ni saa kumi na moja jioni katika mojawapo ya vichochoro vya Makadara, Mombasa. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe vyake. Tuktuk inapiga honi kumwondoa hamali na mkokoteni wake njiani. Watoto wametoka chuoni na wanacheza mpira wa makaratasi.

Nje ya ua mmoja wenye lango la mabati amelala mbwa wa rangi ya kahawia. Tumwite Simba, kwa kuwa hilo ndilo jina wapewalo mbwa wengi mijini kwetu, hata wale wasiostahili. Honi inapolia, Simba huyu anafyata mkia na kuingia chini ya gari bovu. Vikombe vya kahawa vinapogongana, anajibana zaidi. Mtoto mmoja anachukua kijiwe na kumtupia. Wenzake wanacheka.

Mwenye nyumba naye anasikitika. Alimleta Simba amlindie ua, kumbe ameleta mbwa anayekimbia kivuli chake. Akimwita haji. Akimvuta kwa kamba, anakaza miguu na kujikojolea. Basi anachapwa, na kesho yake anakuwa mwoga kuliko jana.

Msomaji mpendwa, huenda unamjua Simba huyu. Huenda yumo nyumbani mwako, au kwa jirani yako, au kwenye bohari unalopita kila asubuhi ukienda shule. Wengi humwona kuwa kichekesho tu. Lakini jambo hili si la mzaha hata kidogo. Siku moja mpira utaingia chini ya gari lile, na mtoto atainama kuuchukua. Simba, akiwa hana pa kukimbilia, atafanya jambo moja tu lililobaki. Atauma.

Makala haya yanahusu njia moja ya kumtoa mbwa katika hali hiyo. Si njia ya fimbo wala ya dawa. Ni njia ya mchezo.

UOGA HUTOKA WAPI?

Kuna mbwa wanaozaliwa na hofu. Mama akiwa mwoga, watoto wake nao huelekea kuwa waoga. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uoga tunaouona mitaani hutokana na malezi.

Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha kitabu kuhusu tabia za mbwa baada ya utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor, jimbo la Maine. Walionyesha kwamba kuna kipindi kifupi katika maisha ya mbwa, kati ya wiki ya tatu na ya 12 hivi baada ya kuzaliwa, ambapo akili yake iko wazi kupokea mambo mapya. Anachokizoea wakati huo hakimtishi baadaye. Mbwa mdogo asiyewahi kukutana na binadamu katika wiki hizo huwa mgumu sana kufugika akishakuwa mkubwa.

Sasa fikiria jinsi tunavyowalea mbwa wetu. Mtoto wa mbwa hutiwa kwenye boksi, akaletwa mjini, akafungwa mnyororo nyuma ya nyumba kando ya choo. Wiki zake za dhahabu hupita akitazama ukuta. Kisha siku moja anafunguliwa na kutarajiwa ayazoee malori, honi, fashifashi za Diwali na mayowe ya watoto, yote kwa pamoja. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Huyu hakukunjwa, aliachwa akauke.

Wengine hupata hofu kwa kutendewa maovu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mbwa aliyepigwa kwa ufagio humwogopa kila ashikaye ufagio, hata kama ni bibi mzee anayefagia baraza yake.

MBWA ALIYEKATA TAMAA

Kuna jaribio moja lililofanywa Marekani mwaka 1967 ambalo kila mfugaji angefaa kulijua. Leo lingepingwa vikali kwa ukatili wake, lakini funzo lake ni kubwa.

Wataalamu Martin Seligman na Steven Maier, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliwapa mbwa mshtuko wa umeme. Mbwa wa kundi la kwanza waliweza kuuzima umeme huo kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wa kundi la pili walipata umeme uleule, kwa muda uleule, ila lolote walilofanya halikusaidia kitu.

Baadaye mbwa hao walitiwa katika sanduku lenye pande mbili, katikati pakiwa na kiunzi ambacho mbwa angeweza kukiruka. Upande mmoja ulikuwa na umeme, wa pili ulikuwa salama. Wale wa kundi la kwanza walijifunza upesi kuruka. Wengi wa kundi la pili hawakujaribu kitu. Walilala chini wakilia kwa sauti ndogo, na usalama uko hatua moja tu mbele yao.

Miguu yao ilikuwa mizima. Kilichokosekana ni imani kwamba kitendo chao kingeweza kubadili jambo.

Waswahili walikwisha kulisema hilo kwa maneno machache: mbwa hafi maji akiona ufuko. Ajuaye kwamba nchi kavu iko mbele hupiga mbizi hadi afike. Asiyeuona ufuko huacha kuogelea.

Lakini habari njema imo katika jaribio hilohilo. Iligunduliwa kwamba mbwa aliyewahi kwanza kujifunza kuwa anaweza kuuzima umeme hakukata tamaa hata alipotiwa baadaye katika taabu isiyo na njia. Kule kuweza mara ya kwanza kulikuwa kama chanjo kwake. Na mwaka 2016, karibu nusu karne baadaye, wataalamu haohao walirudi na kusema kwamba walikuwa wamelitazama jambo kinyume. Kunyong'onyea mbele ya mateso marefu hakufundishwi. Ndiyo hali ambayo ubongo huangukia wenyewe. Kinachofundishwa ni kuweza.

Naam, mbwa anaweza kufundishwa kuweza. Hapo ndipo mchezo unapoingia.

MCHEZO WA VIUNZI

Wapenzi wa riadha wanazijua mbio za kuruka viunzi. Wapenzi wa farasi nao wanajua mashindano ya farasi kuruka vizuizi. Mwaka 1978, katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, jijini London, waandalizi walitaka kitu cha kuwachangamsha watazamaji kati ya shindano moja na jingine. John Varley, mmoja wa kamati ya maonyesho, akamwomba mfunzaji wa mbwa Peter Meanwell amsaidie kubuni mashindano kama yale ya farasi, ila ya mbwa.

Watu walifurahi mno. Mwaka 1980 chama cha mbwa cha Uingereza, The Kennel Club, kikautambua rasmi mchezo huo, nao ukaenea ulimwenguni. Waingereza huuita ajiliti, maana yake wepesi. Mbwa huruka viunzi, hupenya katika handaki, hupita nyoka nyoka katikati ya fito zilizosimamishwa mstari mmoja, hutembea juu ya ubao mwembamba ulioinuliwa, na huvuka ubao unaopanda na kushuka kama ule wanaochezea watoto.

Mchezo ulianza kwa ajili ya burudani na kasi. Lakini wafunzaji waligundua faida nyingine. Mbwa waliokuwa wakitetemeka mbele ya wageni walianza kubadilika. Mbwa asiyekanyaga sakafu ngeni akawa anapanda ubao mwenyewe, mkia juu.

Siri yake ni ileile ya jaribio la mwaka 1967, safari hii bila umeme. Kila kiunzi ni fumbo dogo. Mbwa analitazama, anasita, anajaribu, anaweza, na papo hapo anapata kitu kitamu. Moyoni mwake linaingia jambo moja: nilifanya, kikatokea. Akilipata hilo mara mia katika mambo madogo, huanza kulitarajia hata katika mambo makubwa.

Tafadhali lishike hilo, kwa kuwa bila hilo mengine yote ni kazi bure. Kinachomponya mbwa si kule kuruka. Kinachomponya ni kwamba aliamua mwenyewe kuruka. Mbwa aliyesukumwa juu ya ubao amefundishwa kwamba mbao ni hatari na kwamba bwana wake si wa kuaminika.

NA NAJISI JE?

Hapa msomaji wa Mombasa ana swali, na ni swali la haki. Makadara ni mtaa ambao askari wa Kibaluchi wa masultani walipiga maskani katika karne ya 19. Misikiti yake ni mingi na wakazi wake wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Katika madhehebu hayo mbwa ni najisi nzito. Mate yake au umajimaji wake ukigusa chombo au nguo, huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Je, mtu atachezaje na mbwa kisha aende kusali?

Kwanza, dini haikumharamisha mbwa wa kazi. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametajwa katika hadithi kuwa wanaruhusiwa, na wanavyuoni wengi wamemlinganisha nao mbwa wa kulinda nyumba. Tena Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inazungumzia wanyama wa kuwinda waliofundishwa na binadamu. Kwa hiyo kumfundisha mbwa si jambo geni. Isitoshe, ni nani asiyeijua hadithi ya mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake?

Pili, na hili huwashangaza wengi, mchezo wa viunzi ni mchezo wa kutogusana. Katika mashindano, anayemwongoza mbwa haruhusiwi kumgusa mbwa wala kugusa viunzi. Humwongoza kwa sauti, kwa mkono ulionyooshwa na kwa mwendo wa mwili wake. Mbwa huwa huru, bila kamba.

Kwa hiyo unaweza kumfundisha Simba bila ya kulambwa. Kitu kitamu usimpe mkononi. Mtupie chini au kitie katika kifuniko cha debe. Mwonyeshe njia kwa kijiti kirefu. Weka kanzu kuukuu au leso ya kazi hiyo peke yake. Mwenye shaka zaidi amwulize shekhe wa mtaa wake. Na asiye Mwislamu naye atafaidika, maana mbwa mwoga hapendi kushikwashikwa. Kumwachia nafasi ni hatua ya kwanza ya kumpa amani.

UWANJA WA NYUMBANI

Huhitaji uwanja wa London. Ua wa hatua kumi kwa tano unatosha, ilimradi lango limefungwa. Wakati ufaao ni baada ya sala ya alfajiri, au jioni jua likishatua. Mbwa hupoza mwili wake hasa kwa kuhema, na joto la Mombasa laweza kumwangusha. Lami nayo huunguza nyayo. Kama kiganja chako hakivumilii juu yake, nyayo zake pia hazitavumilia.

Kitu kitamu kiwe kweli kitamu. Vipande vya ini la kuchemsha, vidogo kama kucha, vitamshinda mbwa yeyote. Dagaa pia wanafaa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu wala chokoleti. Mfundishe kabla ya kula, si baada ya kushiba.

Kila somo liwe dakika tano tu, mara mbili kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Wiki ya kwanza: gunia. Tandaza gunia la mkonge chini. Kaa kando yake, ubavu ukiwa umemwelekea mbwa, usimkodolee macho. Akilitazama gunia, tupa kipande cha ini. Akilisogelea, tupa kingine. Akiweka mguu mmoja juu yake, tupa vitatu. Usimwite na usimvute. Siku ya kwanza huenda asifike. Usijali, gunia halina miguu.

Wiki ya pili: fito. Laza mipini mitatu ya ufagio chini, ikiachana kwa urefu wa mbwa. Mtembeze katikati yake kwa kumtupia chakula mbele. Mbwa wengi hawajui kwamba wana miguu ya nyuma. Mchezo huu huwafundisha kujua kila mguu uko wapi, na mwili unaojijua hautishiki ovyo.

Wiki ya tatu: ubao. Chukua ubao mpana na uulaze juu ya ardhi. Akiuzoea, uinue kwa matofali mawili, moja kila upande. Hakikisha hautikisiki. Ubao ukicheza mara moja chini yake, umepoteza wiki nzima.

Wiki ya nne: handaki. Panga viti vya plastiki viwili viwili, vifunike kwa shuka, upate njia fupi yenye mwanga mwisho wake. Mtu mmoja akae na mbwa upande huu, mwingine aweke chakula upande wa pili. Anza kwa viti viwili tu. Mbwa akishapita gizani kwa hiari yake na kutokea kwenye mwanga, utaona anatikisa mwili mzima kama aliyetoka majini. Huko ni kujitua mzigo.

Wiki ya tano: kiunzi. Pindua kreti mbili za soda, laza mpini wa ufagio juu yake. Usiupachike, ukiguswa uanguke. Kimo kisipite viwiko vya mbwa. Mbwa ambaye hajatimiza mwaka mmoja na nusu asirukishwe juu, kwa kuwa mifupa yake bado inakua. Huyo apite juu ya mpini uliolala chini.

Wiki ya sita: nyoka nyoka. Jaza mchanga madumu matano ya lita tano, yapange mstari mmoja yakiachana hatua moja. Mwongoze apite kulia, kushoto, kulia. Hapa ndipo mbwa huanza kukutazama wewe kwa macho ya kuuliza, "Sasa wapi?" Swali hilo likianza, uoga umeanza kuondoka.

Wiki hizi si sheria. Kuna mbwa atakayemaliza yote kwa mwezi, na kuna atakayekaa na gunia kwa miezi miwili. Mbwa ndiye mwenye kalenda.

SOMA MWILI WAKE

Mbwa hasemi, lakini hanyamazi. Zijue dalili hizi, nawe wafundishe watoto wako.

Mkia uliofyatwa na masikio yaliyolala nyuma kila mtu anavijua. Lakini kuna dalili za mapema zaidi. Mbwa anayepiga miayo bila usingizi ana wasiwasi. Anayejilamba pua bila chakula ana wasiwasi. Anayegeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana anaomba umwondokee. Na anayeganda ghafla kama sanamu yuko karibu kuuma.

Dalili kubwa kuliko zote ni hii: mbwa mwenye njaa akikataa ini. Maana yake hofu imepita kiasi na hawezi kujifunza lolote. Rudi nyuma hatua mbili. Fanya jambo analoliweza, mpe chakula, funga somo. Kila somo limalizike kwa ushindi, hata kama ni ushindi wa kukanyaga gunia.

Kosa kubwa ni haraka. Jamaa wamekuja kutembea, mwenye nyumba anataka kuwaonyesha mbwa wake anavyoruka, anamwita mbele ya watu kumi na watano wanaopiga makofi. Kwisha. La pili ni kugombana wenyewe kwa wenyewe: baba anamwita kwa upole, mjomba anamfokea. Mkubaliane neno moja na sauti moja. La tatu ni kumwachia mtoto mdogo kazi hii peke yake. Mtoto asimame na mtu mzima daima.

HONI NA FASHIFASHI

Mchezo wa viunzi hautibu kila hofu. Hofu ya sauti kubwa ina njia yake, nayo ilianzia kwa mtoto wa binadamu. Mwaka 1924 mtaalamu wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto aliyeitwa Peter, ambaye aliogopa sungura. Alimwekea sungura mbali, huku mtoto akila chakula akipendacho. Kidogo kidogo sungura alisogezwa karibu. Mwishowe Peter alimchezea sungura kwa mkono wake.

Fanya vivyo hivyo. Anzia ndani ya ua, honi zikisikika kwa mbali, na mbwa akila. Baada ya siku kadhaa, sogeza gunia lake karibu na lango. Kisha lango liwe wazi kidogo. Siku za fashifashi usimfundishe lolote; mtafutie chumba cha ndani, funga madirisha, umwache alale.

Na mbwa aliyekwisha kuuma mtu, au aliyebadilika ghafla kutoka mpole kuwa mkali, si wa gunia wala kreti. Huyo ni wa daktari wa mifugo, na leo hii, si kesho.

CHANJO KABLA YA MCHEZO

Hapa hatuna budi kusema wazi. Usianze lolote kati ya haya na mbwa ambaye hajachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao wako Afrika na Asia. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ifikapo mwaka 2030. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni muujiza. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo na inafanya kazi.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Usipake pilipili, mafuta wala majivu. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, uanzishiwe sindano, na uzimalize zote hata kama kidonda kimekauka. Wakazi wa Makadara wana bahati. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi bado huiita kwa jina la mtaa huu, haiko mbali. Mwambie mtoto wako hivi: "Mwanangu, ukiumwa na mbwa njoo uniambie, sitakugombeza." Watoto wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa, na siri hiyo huwagharimu maisha.

KUTOKA UANI HADI BANDARINI

Anayedhani kumfundisha mbwa kwa mchezo ni upuuzi wa Wazungu, na atazame bandari ya Kilindini. Tangu mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likiwafundisha mbwa na waongozaji wao huko Usa River, karibu na Arusha, Tanzania, ili wanuse pembe za ndovu na magendo mengine ya wanyama pori. Bandari ya Mombasa ni mojawapo ya mahali walikopelekwa, wakifanya kazi na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Mbwa hao hufanya kazi penye kelele za mashine na milima ya makontena. Mbwa mwoga hawezi kazi hiyo. Na ujira wao ni nini? Wakinusa walichotumwa, hutupiwa mpira wacheze. Mbwa anayemtia hofu mlanguzi wa pembe analipwa kwa mpira!

Simba wetu hatakwenda bandarini. Haja yetu kwake ni ndogo zaidi. Tunataka asimame langoni badala ya kujificha chini ya gari. Tunataka abweke anapopita mgeni usiku, na anyamaze anapoambiwa basi. Zaidi ya yote, tunataka mtoto anayeinama kuchukua mpira wake arudi kwa mama yake akiwa mzima.

Kuna faida nyingine ambayo mzazi ataigundua mwenyewe. Mtoto aliyezoea kumtupia mbwa kijiwe, akiketi na baba yake jioni sita akisubiri mbwa aweke mguu mmoja juu ya gunia, hujifunza jambo ambalo darasani halifundishwi kwa urahisi. Hujifunza kwamba mwoga hatolewi uoga kwa kuchekwa. Kesho yake atamwona mwenzake anayetetemeka ubaoni mbele ya hesabu za kugawanya, na huenda asicheke.

Mwezi ujao, jioni kama ile, muuza kahawa atapita tena akigonganisha vikombe. Simba atainua masikio. Atatazama lango, kisha atamtazama mwenyewe. Naye mwenyewe, asiseme kitu wala asimvute. Amtupie tu kipande cha ini, karibu kidogo na lango kuliko jana.